Msikilizaji wa Nkunga

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi, Prisca alipofungua laini za simu katika kipindi chake cha maoni, kwenye redio ndogo ya kijamii pale Tukuyu mjini, mtu wa kwanza kupiga alikuwa yule yule. Jina hakutaja. Alisema tu, "Mimi ni msikilizaji wa Nkunga," akakohoa mara mbili, kisha akaanza kugombana na dunia nzima. Na Prisca alimtambua tangu kwenye kikohozi, kwa sababu mtu huyo alikuwa baba mkwe wake.

Hapo lazima nieleze, maana asiye wa Rungwe anaweza kudhani ni jambo dogo. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni. Hasemi naye, hapokei kitu kutoka mkononi mwake, na jina lake halitamki hata akiwa peke yake jikoni na mlango umefungwa. Siku hizi wengi wamelegeza, na kanisani utawaona wakwe wanashikana mikono kama wagombea udiwani. Lakini mzee Ambindwile (sisi tunaruhusiwa kumtaja, hatukuolewa kwake) alikuwa mtu wa kushika mambo. Kabla ya kukata kona ya nyumba alikohoa, ili mkwewe apate muda wa kupisha njia. Prisca naye akisikia kikohozi alijificha nyuma ya ghala, ndoo kichwani, mpaka hatua zipite. Wakiwa na ujumbe, waliupitisha kwa mama mkwe, Veronika, ambaye alikuwa amechoka kuwa posta.

Miaka sita waliishi hivyo, nyumba mbili ndani ya ua mmoja kijijini Nkunga, bila hata "hujambo". Halafu Jumamosi moja simu ikaita studio, kikohozi kikasikika, na mkono wa Prisca ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha kukata. Haukufika. Alisikia kinywa chake kikisema, "Karibu, msikilizaji wetu wa Nkunga." Alipanda bodaboda kurudi nyumbani siku hiyo akiwa na hofu ya mtu aliyevunja chungu cha watu. Alikuta mkungu wa ndizi umeegemezwa mlangoni kwake, na Veronika akamwambia huku anacheka, "Kuna mtu amesema leo redio ilikuwa nzuri."

Tangu hapo ikawa miaka minne ya ubishi. Mzee hakuwapenda kabisa wakubwa wa teknolojia, wale matajiri wa ng'ambo wenye mitandao na mashine zao.

"Tajili wa loketi anasema binadamu tuhamie sayali nyingine," alisema Jumamosi moja, maana kama wazee wengi wa huko, r kwake ilikuwa l. "Sasa mimi nauliza. Mtu anayefungasha mizigo, utampa shamba alinde?"

Prisca alicheka mpaka fundi mitambo wake, Hasheem, akapunguza sauti ya kipaza. Lakini hakumwachia hivi hivi. "Msikilizaji wetu, hao unaowasema ndio waliotufanya tuuze maziwa kwa simu badala ya kushinda barabarani. Mimi kosa lao naliona kwingine. Wamejenga soko kubwa la dunia nzima, halafu hawakuchimba choo. Uchafu wote unaachwa pale pale tunaponunulia."

"Hapo umesema," mzee alikiri, kwa shida. "Ndiyo maana mimi natazama televisheni. Kuna mtu amekaa, amevaa tai, ametaja jina lake, ameonyesha uso. Akidanganya namjua. Kwenye hiyo mitandao kila mtu ni mtangazaji, hata kuku."

"Tai siyo ukweli, msikilizaji. Anayesoma habari naye kaandikiwa, na aliyemwandikia hatumwoni."

"Na wewe nani anakuandikia?"

Kilikuwa kipindi kilichosikilizwa kuliko vyote, mpaka wachuma chai walibeba vijiredio mabegani, na Prisca aliamini hakuna aliyejua kwamba wale wawili wanakula ndizi za mgomba mmoja. Prisca hakuwahi kukiri kwa mtu, hata kwa mumewe Prosper, kwamba alimpenda yule mzee kuliko alivyompenda baba yake mzazi, aliyekuwa mtu wa kununa.

Sasa ikaja Jumamosi ya mwezi wa nne. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na ukungu umelala hadi kwenye mabati ya maduka. Veronika alikuwa Mpuguso msibani tangu Alhamisi, Prosper yuko njiani na lori la ndizi kuelekea Dar es Salaam. Prisca mwenyewe alikuwa amelala mjini kwa dada yake tangu Alhamisi hiyo hiyo, kwa sababu ya utelezi. Aliingia studio saa mbili na kumkuta Hasheem ameinamia simu. Hasheem babu yake alikuja Tukuyu kutoka Kilwa na cherehani kichwani, na mjukuu alirithi kutoamini chochote kilichoshonwa haraka.

"Hebu tazama hii, dada. Inazunguka kwenye makundi ya Wasapu tangu juzi."

Ilikuwa video. Msomaji wa taarifa ya habari, yule maarufu mwenye mvi za pembeni, alikuwa ameketi mezani kwake akitangaza kwa sauti yake ile ile nzito. Ugonjwa wa mnyauko umeingia Rungwe. Wakulima wote wanaamriwa kukata migomba yote kabla ya Jumatatu, mizima na mibovu. Chini ikapita namba ya simu ya kuagizia miche mipya.

Prisca hakungoja. Alimpigia Esnath, afisa ugani, ambaye aliongea kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupigiwa simu thelathini. Hakuna amri kama hiyo, alisema. Mgomba unaougua ndio unaong'olewa, tena baada ya kukaguliwa. Kituo cha televisheni nacho kilikuwa kimetoa tangazo asubuhi ile kwamba msomaji wao hakusema maneno yale. Uso na sauti vilitengenezwa na mashine. Kwa hiyo saa tatu kamili Prisca alifungua kipindi na kuyasema yote hayo mara mbili, polepole, kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa. Kisha akafungua laini na kusubiri kikohozi.

Kikohozi hakikuja. Aliyepiga alikuwa jirani yao Anyelwisye, anahema.

"Dada Prisca, ugonile, umeamkaje? Mbona unatuchanganya? Sisi huku Nkunga tumeshaanza kukata."

"Nani kawaambia mkate?"

"Mzee wetu. Mkweo. Ameanza mwenyewe tangu alfajiri, anakata na hasemi na mtu. Yeye ameiona kwenye televisheni. Mtu kama yule akishika panga, sisi nani tubaki tumekaa?"

Prisca aliweka wimbo. Alipiga simu ya mzee, ikaita ndani ya nyumba tupu. Hakuwa na tabia ya kwenda nayo shambani. Simu ya Veronika ilikuwa imezimwa. Prosper alipokea, akasema "Nini?" mara nne, mtandao ukamezwa na milima. Na kila dakika chache zilizopita ulikuwa mgomba mwingine chini. Ile siyo migomba ya kuuza tu. Ndiyo chakula chao cha asubuhi na cha jioni, ndiyo ada za watoto, ndiyo wanayolishwa ng'ombe, na zaidi ya mia mbili ilipandwa na Veronika kwa mikono yake.

"Nenda," alisema Hasheem. "Mimi nitapiga muziki. Ukifika nipigie, nitaiweka simu yako hewani wakati wowote ukisema."

"Nikifika nifanye nini? Siwezi kusema naye!"

Hasheem alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Unasema naye kila wiki, dada."

Kwa hiyo alijua. Prisca hakuwa na muda wa kuona aibu. Bodaboda ilimpitisha kati ya mashamba ya chai, matope yakimrukia hadi kwenye kitambaa cha kichwa, naye njia nzima alitafuta mjumbe kichwani mwake. Mchungaji? Yuko msibani. Mtoto wa jirani? Mzee atamfukuza, maana mtoto hamrekebishi mtu mzima. Alipoteremka pale mwisho wa njia ya pikipiki alikuwa hajapata mtu.

Alisikia kwanza. Kutoka pande zote za bonde mapanga yalikuwa yakilia kwenye mashina yenye maji. Akaingia shambani kwao. Mwanzoni alidhani amepotea, kwa sababu mahali palipokuwa na kivuli palikuwa na mwanga. Migomba ililala juu ya migomba, mingine na mikungu yake michanga, maji yakichuruzika kwenye vidonda. Mbele kidogo, mgongo wa mzee ulipanda na kushuka.

Prisca aligeuka haraka, akampa mgongo. Mbele yake ulisimama mgomba mmoja, mzima. Akachukua ile sauti yake ya redioni, maana nyingine ilikuwa imemkimbia.

"Wewe mgomba," alisema, "nina swali."

Panga lilisimama. Mvua ikaanza upya juu ya majani. Halafu kikaja kikohozi, mara mbili.

"Mgomba," ilijibu sauti nyuma yake, "mwambie aulize. Na umwambie asisimame hapo, ule wa pembeni uliokatwa nusu utamwangukia."

Prisca akasogea hatua mbili. Alitaka kucheka na kulia. "Mgomba, mwulize huyo bwana, ile habari ya mnyauko ameiona wapi?"

"Kwenye televisheni yangu. Sikuambiwa na mtu. Yule yule, na tai yake."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Juzi. Saa kumi jioni."

"Na taalifa ya habali huwa saa ngapi?" Ulimi wake ulikuwa umeteleza kwenye matamshi ya nyumbani, kama ilivyomtokea kila akiwa na hofu.

"Saa mbili usiku."

"Siku zote?"

"Miaka ishilini na tatu, sijakosa."

"Mgomba, mwulize basi. Juzi saa kumi, nani aliiwasha hiyo televisheni?"

"Ackson. Alikuja na..." Sauti ikakatika. Prisca hakumwona, lakini alisikia panga likiachwa chini. "Alikuja na waya. Akachomeka simu yake, akasema wazee tuone vizuli kwenye kioo kikubwa."

Ackson hakuwa na ubaya. Alikuwa kijana mwenye kibanda cha kuchaji simu pale njia panda, na alidhani anawasaidia wazee wasioona herufi ndogo. Video ya simu ilipita kwenye waya ikatokea katika televisheni ya mzee Ambindwile, na kitu kilichotokea humo kwa mzee kilikuwa kama shahidi aliyeapishwa.

"Lakini uso ni wake," mzee alisema, na sasa sauti yake ilikuwa inaomba. "Uso ni wake, mgomba. Ninamjua."

"Uso umeibwa. Siku hizi kuna mashine zinamwazima mtu uso na sauti bila yeye kujua. Kituo chenyewe kimekana asubuhi hii. Na Esnath wa ugani anasema hakuna amri ya kukata."

Mzee alikaa. Prisca alisikia shina likilalamika chini ya uzito wake. Miaka minne alikuwa akiingoja siku ya kumshinda yule mtu kwenye hoja ya televisheni. Alikuwa hata na maneno aliyoyaandaa, ya utani, ya kumtekenya. Sasa siku ilikuwa imefika na alitamani kama angeshindwa yeye.

"Alobaini na mmoja," mzee alisema. Hakuwa anamwambia mgomba tena. "Nimekata alobaini na mmoja ya Velonika."

Mvua ikaongezeka. Na huko bondeni, mapanga hayakusimama. Kwa Anyelwisye yalilia mawili kwa pamoja. Ng'ambo ya kijito yalikuwa mengi mno kuhesabika. Huenda walikuwa wamezima redio, au wamesikia na kupuuza. Prisca akasahau kila kitu.

"Mimi wananisikia," alisema kwa nguvu, "lakini wanaokufuata ni wewe!"

Neno lilikuwa limekwisha kutoka. Wewe. Alijiziba mdomo kwa kiganja. Aliingoja sauti ya ukali, au hatua za kuondoka, au faini ya jogoo itakayoamuliwa na ukoo mzima. Badala yake alisikia mtu akivuta pumzi.

"Hiyo simu yako inafika ledioni?" mzee aliuliza, na hakuutaja mgomba.

Prisca alimpigia Hasheem. Kisha akaweka simu juu ya jani pana la mgomba ulioanguka, kwa sababu mkono kwa mkono haikuwezekana, akarudi nyuma hatua kumi na kuangalia pembeni. Mzee aliichukua. Aliishika mbali na sikio kama anashika chungu cha moto.

"Mimi ni msikilizaji wa Nkunga," alianza, akakohoa mara mbili.

"Msikilizaji wa Nkunga ana jina. Mimi ni Ambindwile, mzee wa kanisa. Mnanijua. Nimewasema sana matajili wa mitandao kwenye kipindi hiki, kwamba wanaleta uongo, na lile sitalifuta, wanauleta kweli. Lakini uongo huu mimi ndiye niliyeufungulia mlango. Niliukalibisha sebuleni, nikaukalisha kwenye kiti, nikawaita na nyinyi mje muuone. Sikuuliza mtu. Nyumbani kwangu anakaa mtu anayejua mambo ya habali kuliko mimi, hatua hamsini kutoka mlango wangu, na alipokuwa mjini sikutuma hata mtu akamwulize."

Alifuta mvua usoni. Prisca, ambaye hakupaswa kutazama, alitazama.

"Hakuna amli ya kukata migomba. Nimekata yangu bule. Kama umeshika panga kwa ajili yangu, liweke chini kwa ajili yangu. Ambao mmekata, mashina msing'oe, machipukizi yatakuja, nami nitapita nyumba kwa nyumba kuomba msamaha, leo hii hii, mvua inyeshe isinyeshe. Na Velonika, kama unasikia huko msibani, usimwulize mtu. Nitakueleza mwenyewe. Ndaga, asanteni."

Alirudisha simu juu ya jani. Wote wawili walisimama, kila mmoja ameangalia upande wake, wakasikiliza.

Mapanga mawili ya kwa Anyelwisye yalisimama karibu pamoja. Mtu akapiga mluzi, mwingine akaita jina bondeni, na habari ikaenda kwa midomo, haraka kuliko mtandao wowote. Ng'ambo ya kijito yakapungua, yakabaki matatu, yakabaki mawili. Prisca aligundua kwamba ameshika shina la ule mgomba aliokuwa akiongea nao na kwamba vidole vinamuuma. Kisha ukawa utulivu wa mvua peke yake, isipokuwa panga moja, mbali, juu ya kilima, likilia polepole kama la mtu aliyechoka lakini ameamua.

Mzee alisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama upande.

"Hilo ni la Felista," alisema. "Yule mjane. Hana ledio."

Aliokota kofia yake, akaikung'uta matope. Panga aliliacha pale pale lilipokuwa. Alipita karibu na Prisca, na hakukohoa.

"Twende, mwanangu," alisema. "Tukimbie kidogo."

Akatangulia, na Prisca akamfuata kwenye njia ile ile moja, wakipanda kilima.